Atieno Yupi? Makarani wa Data wa Ufuo wa Ziwa

Fomu ya kwanza niliyoiingiza kwenye kompyuta, mwaka wa 2002, ilikuwa ya mtoto wa kike wa kijiji kimoja cha Seme, magharibi ya mji wa Kisumu. Jina la mtoto: Atieno. Jina la mama: Atieno. Mwenye boma: Otieno. Nikaandika, nikabonyeza kitufe, nikachukua fomu iliyofuata. Ilikuwa ya Atieno mwingine, wa boma jirani. Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimeingiza akina Atieno kumi na mmoja. Msimamizi wetu, mzee wa makamo tuliyemwita Jaduong' kwa heshima, akaja akasimama nyuma ya kiti changu. "Nyar Asembo," yaani binti wa Asembo, akaniuliza, "huyu aliyepelekwa zahanati juzi ni Atieno yupi?"

Sikuwa na jibu.

Asiyetoka huku kwetu ajue kwamba Mluo humwita mtoto kwa saa aliyokuja duniani. Wa usiku ni Otieno au Atieno. Wa alfajiri na asubuhi ni Okinyi au Akinyi, wa jua likiwaka ni Ochieng au Achieng, wa jioni ni Odhiambo au Adhiambo. Aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Okoth au Akoth. Pacha anayetangulia ni Opiyo au Apiyo, anayemfuata ni Odongo au Adongo. Na kwa kuwa usiku huingia kila siku, hakuna kijiji kisicho na akina Atieno tele. Jina linaeleza mtu alikuja vipi. Halitoshi kumtofautisha na wenzake, na daftari lisiloweza kuwatofautisha watu haliwezi kuwasaidia.

Nimefanya kazi ya data kwenye ufuo huu kwa zaidi ya miaka ishirini. Kila ninapowafundisha vijana hifadhidata, naanza na swali la Jaduong', kwa sababu naamini historia nzima ya kazi yetu imo ndani yake.

Kazi hiyo haikuanza na kompyuta. Reli iliufikia ufuo huu mwezi Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence kabla ya jina la Kisumu kurudi. Nyuma ya reli wakaja wenye madaftari. Serikali ya kikoloni ilitoza kodi ya nyumba, na karani wake alipoingia bomani aliinua macho kutazama mapaa. Mzee mwenye wake watatu alikuwa na nyumba tatu, basi alilipa mara tatu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kikaja kipande: kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 aliandikishwa, akachukuliwa alama za vidole, akatembea na karatasi yake ndani ya kikebe cha bati kilichoning'inia shingoni. Kipande hicho kilidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1940.

Ukiyachunguza madaftari hayo utaona yalikuwa na safu mbili tu za maana: paa la kutozwa kodi na mwanamume wa kufanyishwa kazi. Mtoto aliyefariki akiwa na miezi mitatu hakuwa na mahali pa kuandikwa. Mama yake naye hakuwa na mahali, ila kama paa.

Ndiyo maana bibi yangu, aliyeuza omena ufuoni Luanda K'Otieno hadi magoti yakamkataa, hakuifurahia kazi yangu. Kwake watoto hawahesabiwi. Anayehesabu anamwonyesha mauti njia. Isitoshe, alikumbuka vizuri kwamba kila aliyekuja na kalamu bomani kwao aliondoka na kitu. Nilimweleza kwamba safari hii tunaandika ili tujue watoto wanaugua nini. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Basi muwaandike wote. Msiandike wale mnaowapenda tu." Nimeisoma miongozo mingi ya ubora wa data tangu siku ile. Sijaona ulioipita kauli hiyo.

Nchi yetu iliunda taasisi yake ya utafiti wa tiba, KEMRI, mwaka wa 1979, na mwaka huohuo ushirikiano na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, ukaanza. Kituo chao cha Kisian kiko kando ya barabara ya Busia, ukitoka Kisumu kuelekea magharibi. Adui wao mkubwa alikuwa mbu. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 wakafanya jaribio kubwa la vyandarua vilivyotiwa dawa, huko Asembo na Gem. Baadhi ya vijiji vilipewa vyandarua kwanza, na vingine vikapewa baadaye, ili vifo vya pande mbili vilinganishwe. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2003: miongoni mwa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi 11, vifo vilipungua kwa asilimia 23.

Mtu husikia tarakimu hiyo akafikiri ni kazi ya daktari na mbu wake. Karani anasikia jambo jingine. Ili useme asilimia 23, haitoshi kuhesabu makaburi. Ukiambiwa watoto kumi wamefariki, sharti ujue ni kumi kati ya wangapi, waliishi kijiji kipi, tangu lini, na kama mmoja wao alizaliwa kijiji chenye vyandarua kisha mama yake akahamia kisicho navyo. Sharti ujue Atieno yupi. Nyuma ya tarakimu ile moja kulikuwa na maelfu ya fomu, na nyuma ya kila fomu kulikuwa na mtu aliyetembea kwa miguu au baiskeli hadi mlangoni akabisha hodi.

Mwezi Septemba 2001 kazi hiyo ikageuzwa kuwa ya kudumu. Asembo yote ikaingizwa kwenye sajili moja ya afya na idadi ya watu, Gem ikafuata 2002, na Karemo ikaongezwa 2007. Mwanzoni watu walikuwa kama 135,000 katika vijiji 217, na baadaye wakapita 200,000. Kila nyumba ilitembelewa kila baada ya miezi minne: nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia, nani amehama, nani ana mimba. Katikati ya ziara, wanakijiji waliochaguliwa katika vijiji vyenyewe walipeleka habari za vizazi na vifo. Wengi wa watu hawa hutawaona katika vitabu vya historia ya sayansi, nami naona hilo ni deni ambalo halijalipwa. Miaka ile ilikuwa mizito. Malaria na UKIMWI zilikuwa zimekutana juu ya vichwa vyetu, na sajili ilionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa, zaidi ya 200 hawakuwa wakifikisha miaka mitano.

Mimi sikuwa katika mradi ule mkubwa. Nilikuwa katika mradi mdogo wa afya ya mama na mtoto huko Seme, wenye kompyuta nne na chumba kimoja mjini. Lakini boma la wazazi wangu liko Asembo, kwa hiyo sajili ile ilikuwa na mstari wangu pia. Mama aliniambia: "Walikuja wakauliza wewe uko wapi. Nikasema umeenda mjini. Wakaandika." Hapo nikajua kwamba asubuhi niliketi upande wa wanaoandika, na jioni nilikuwa mmoja wa walioandikwa.

Kompyuta nilikuwa nimejifunza katika chuo kidogo cha ghorofani, Oginga Odinga Street, baada ya mtihani wa kidato cha nne. Tulifundishwa kuchapa barua, kupanga hesabu, na kuunda faili la majina na anwani. Niliamini najua hifadhidata. Kazini nikamkuta mtangulizi wangu ameunda jedwali moja pana kama jamvi: mstari mmoja kwa kila boma, na safu zilizoitwa Mtoto1, Mtoto2, Mtoto3, hadi Mtoto6. Mtoto wa saba alipozaliwa hakukuwa na nafasi yake, basi akaandikwa ndani ya safu ya maoni. Na kijiji kilipobadilishiwa tahajia ya jina, karani alilazimika kulisahihisha katika mistari yote. Alipochoka katikati, kijiji kimoja kikawa viwili.

Jaduong' hakunikaripia kwa akina Atieno wangu. Alinipa karatasi na kalamu. "Chora boma la kwenu."

Nikachora lango. Nikachora nyumba ya mama yangu, mke wa kwanza, ikilitazama lango, kisha nyumba ya mama mdogo, kisha vijumba vya kaka zangu karibu na lango, vile tunavyoviita simba.

"Sasa mwonyeshe binti wa dada yako."

Nikasita. Dada yangu ameolewa Gem, lakini binti yake alilala kwa nyanya yake, yaani kwa mama yangu, kwa sababu shule ilikuwa karibu. Nikaanza kumchora Asembo, nikafuta, nikamchora Gem, nikafuta tena.

"Unaona?" akasema. "Umechora mti. Katika mti, jani lina tawi moja. Watu wetu si majani."

Siku zile sikujua kwamba alikuwa akinisimulia historia ya kompyuta. Katika miaka ya 1960 hifadhidata nyingi kubwa zilipangwa kwa mtindo huohuo wa mti: shina, matawi, matawi madogo. Aliyetaka kitu alilazimika kuijua njia ya kukifikia, tawi kwa tawi, na njia ikibadilishwa programu yake ilikufa. Mwaka wa 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyewahi kuwa rubani wakati wa Vita vya Pili na wakati huo akifanya kazi IBM huko California, alichapisha makala iliyopendekeza njia tofauti. Tuweke data katika majedwali ya kawaida, alisema, kila mstari utambulike kwa ufunguo wake, na majedwali yaunganishwe kwa thamani zilizomo tu. Mwulizaji aseme anataka nini, na mashine yenyewe itafute njia. Mwaka wa 1974 wenzake wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakaiandikia fikra hiyo lugha ya kuulizia, ambayo leo tunaiita SQL. Ikawa kanuni rasmi ya Marekani mwaka wa 1986.

Fikra hiyo ilipofika kwenye utafiti wa vijijini ilikuta watu wanaoihitaji. Huko Matlab, Bangladesh, watu walikuwa wakiandikishwa tangu miaka ya 1960. Uzoefu wa Matlab ukapelekwa Navrongo, kaskazini mwa Ghana, ambako katika miaka ya 1990 ilijengwa programu ya kusajili kaya juu ya mfumo wa hifadhidata uitwao FoxPro. Programu hiyo ikatumiwa pia Rufiji, Tanzania, sajili ya huko ilipoanza 1998. Ndani ya programu za namna hiyo kulikuwa na akili moja: mtu ni kitu kimoja, nyumba ni kitu kingine, na kuishi ndani ya nyumba ni kitu cha tatu chenye mwanzo na mwisho.

Jaduong' aliniandikia majedwali matatu upande wa pili wa karatasi yangu. La kwanza, WATU: namba ya mtu, jina, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, namba ya mama. La pili, NYUMBA: namba ya nyumba, kijiji. La tatu, MAKAZI: namba ya mtu, namba ya nyumba, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka. Binti wa dada yangu akapata mstari mmoja katika WATU na mistari miwili katika MAKAZI: ya Gem imefungwa, ya Asembo iko wazi. Hakuna aliyepaswa kufutwa ili mwingine apate nafasi. Na ile safu ya namba ya mama ilinishangaza kuliko zote, kwa sababu ililielekeza jedwali la WATU kwenye jedwali hilohilo. Mama ni mtu. Ana mstari wake, na yeye pia ana namba ya mama.

Kutokana na karatasi ile tuliandika sheria zilizoilinda data yetu kwa miaka. Namba ya mtu haibadiliki hata akiolewa, hata akibatizwa jina jipya. Mtu hawezi kuwa na makazi mawili yaliyo wazi siku moja. Mtoto hawezi kuzaliwa kabla ya mama yake. Msomaji atasema hayo yako wazi, lakini mpe karani fomu mia mbili siku ya Ijumaa ndipo utaona. Tuliingiza kila fomu mara mbili, makarani wawili tofauti, kisha kompyuta ikalinganisha na kutuonyesha tulipotofautiana.

Jambo lililonichukua muda mrefu kuelewa ni utupu. Baadhi ya akina mama hawakutaka kumtaja baba wa mtoto, na karani mmoja alijaza neno "Hajulikani" katika safu ya jina la baba. Baadaye tulipotafuta watoto waliochangia baba, kompyuta ikawaunganisha wote kuwa ndugu, watoto wa mwanamume mmoja aitwaye Hajulikani. Ndipo Jaduong' akatufundisha tofauti ya sifuri, ya neno tupu, na ya kile ambacho bado hakijaambiwa mtu. Kisichojulikana huachwa bila thamani, na hakilingani na kitu chochote, hata na kisichojulikana kingine. Kimya cha mama huyu si kimya cha mama yule.

Mwaka wa 2004 niliandika ulizo langu la kwanza la maana. Tulikuwa na jedwali la mimba na jedwali la matokeo ya mimba, na nikajiuliza ni mimba zipi tulizoziandika ambazo hatukuwahi kusikia mwisho wake. Nikaandika hivi:

SELECT mimba.namba_mama FROM mimba LEFT JOIN matokeo ON mimba.namba = matokeo.namba_mimba WHERE matokeo.namba_mimba IS NULL

Kwa Kiswahili chake: niletee mimba zote, hata isiyo na mwenzake upande wa pili, kisha unibakizie zile ambazo upande wa pili ni tupu. Muungano wa kawaida hukuletea waliokutana. Huu hukuletea wasiokutana na mtu.

Ikatoka mistari kumi na tisa. Niliipiga chapa, na wenzetu wa mashinani wakaenda mlango kwa mlango. Wengi wa wanawake hao walikuwa wamekwenda kujifungulia kwa mama zao. Baadhi walikuwa wamehamia Kisumu au Nairobi. Kwa watatu, mimba zilikuwa zimeharibika. Na wawili walikuwa wamejifungua watoto wazima ambao hawakumaliza wiki. Hakuna aliyetueleza kwa sababu mtoto wa siku tatu huzikwa bila matanga makubwa, na mama huambiwa anyamaze, Mungu atampa mwingine. Mmoja wa akina mama hao alimwambia mwenzetu kwamba hajawahi kuulizwa jina la mtoto wake. Alikuwa amempa jina. Tuliliandika.

Tangu siku hiyo nimeichukulia kazi ya kuuliza hifadhidata kama kazi ya adabu. Swali zuri linakuonyesha uliyemsahau, na jibu lake linamtaka mtu avae viatu aende.

Kazi ilikuwa na taabu zake. Alasiri ya Kisumu mawingu hupanda kutoka ziwani na radi za huku zina nguvu. Stima ilipozimika wakati faili zetu za FoxPro ziko wazi, faharasa ziliharibika. Kompyuta ilipowaka tena, watu waliokuwapo asubuhi hawakuonekana kwa namba zao. Mara moja tulipoteza siku mbili nzima za kazi. Tulijifunza kunakili data kila siku saa saba mchana na saa kumi na moja jioni, na nakala moja ilikwenda nyumbani na Jaduong' ndani ya mfuko wa shati.

Kisha zikaja ghasia za mwisho wa 2007. Baada ya uchaguzi, watu wetu waliokuwa wakiishi mbali walianza kurudi wakiwa na kifurushi kimoja, wengine bila kitu. Katika eneo la sajili ya Asembo, Gem na Karemo, zaidi ya watu 16,000 waliandikwa kuwa wamehamia humo kwa ajili ya ghasia hizo, kati ya Desemba 2007 na Mei 2008. Hawakuwekwa kambini ambako kamera zingewaona. Waliingia katika nyumba za ndugu, wakagawana chakula kilekile. Lakini kwa kuwa kulikuwa na jedwali la makazi, lenye tarehe ya kuingia na sababu, watafiti waliweza kuwatambua na kufuatilia afya na vifo vyao, wakachapisha walichoona. Nilipoisoma taarifa hiyo nilimkumbuka bibi yangu. Wote waliandikwa, hata wale ambao hakuna aliyekuwa amepanga kuwaandika.

Leo elimu hii imeenea. Kule Mosoriot, karibu na Eldoret, zahanati ya mashambani ilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye hifadhidata mwaka wa 2001. Kutokana na kazi ya huko ikatokea OpenMRS, iliyoanza kutumika Eldoret mwaka wa 2006 na sasa inatumika katika nchi nyingi. Tangu 2011 takwimu za vituo vya afya vya Kenya nzima hukusanywa kwenye mfumo wa DHIS2. Vijana wa Kisumu wanaandika SQL kwenye simu zao wakiwa ndani ya matatu. Nafurahi. Lakini wakija kwangu, bado nawapa karatasi kwanza: chora boma la kwenu.

Kuna sheria moja ambayo hunipasa kuirudia kila mara, kwa sababu vijana hupenda jedwali safi. Marehemu hafutwi. Ukimfuta mama katika WATU, watoto wake wanabaki na namba isiyoelekea popote. Sisi huiita mistari yatima. Unafunga makazi yake kwa tarehe na kuandika sababu. Mstari wake unabaki, na wanawe wanaendelea kuuelekea.

Mama yangu alifariki mwaka wa 2014. Tulimzika Asembo, ndani ya boma, kama desturi ilivyo. Wiki kadhaa baada ya matanga alikuja msichana wa sajili, mpole, amebeba kifaa chake. Akatupa pole, akaketi, akauliza kwa utaratibu: alianza kuugua lini, homa ilikuwapo, kikohozi kilikuwapo, alipelekwa wapi. Nilijua kila swali kabla halijatoka kinywani mwake, na nilijua kila jibu lilikuwa likienda katika safu gani. Hata hivyo sauti yangu ilikatika katika tarehe.

Alipomaliza akatutazama, mimi na kaka zangu watatu tulioketi kwenye mkeka. Baba alikuwa ametangulia miaka mingi.

"Samahani," akasema, "kuna swali moja limebaki, nalo haliniruhusu niliache tupu. Sasa mkuu wa nyumba hii ni nani?"

Kaka yangu mkubwa aliutazama mlango wa mama kwa muda. Kisha akaanza kutaja namba yake ya kitambulisho, polepole, tarakimu baada ya tarakimu.